Laptop ya Chuo, Magemu ya Usiku

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, maduka ya kompyuta ya Kariakoo, kama yale ya Luthuli Avenue kule Nairobi, hujaa wateja wa namna moja: kijana na mzazi wake, au kijana na rafiki anayesifika mtaani kwa kujua kompyuta. Swali la kwanza halibadiliki. "Kaka, hii i ngapi?" Muuzaji anaifunua, anaifuta vumbi kwa kiganja. "i7 hiyo, bosi wangu. Mashine ya kazi, na magemu yote inapiga." Mzazi anaridhika, kijana anaanza kuhesabu marafiki atakaowafunga mabao, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kuhusu i7 muuzaji hakudanganya. Kuhusu magemu yote hakuna atakayerudi kumdai, maana hakuna gemu lililotajwa.

Nashikilia kwamba unafuu wa laptop ya mwanafunzi mchezaji huamuliwa na orodha ya magemu yake kuliko na jina lililobandikwa kwenye mashine. Akitaja bila kujitutumua magemu matatu au manne anayoyacheza kweli, mara nyingi bei ya mashine anayoihitaji hushuka, na kinachobaki huingia kwenye RAM, diski au nauli. Asipoyataja, ananunua stika.

Tuanze na hiyo i7. Namba inayofuata herufi i ni daraja ndani ya kizazi kimoja tu. Core i7-7500U iliyotoka 2016 ina viini viwili. Core i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina vinne, na kazi inayohitaji viini vingi inaifanya upesi zaidi ingawa jina lake ni dogo. Kizazi chenyewe husomwa kwenye namba baada ya kistari: 8250U ni cha nane, 10210U cha kumi, 1135G7 cha kumi na moja. Namba ikianza na moja, soma tarakimu mbili. Herufi ya mwisho nayo ina habari yake. U ni prosesa ya kubana umeme, iliyopimiwa wati 15 hivi. H imepimiwa wati 45 na hustahimili mzigo wa muda mrefu bila kupunguza mwendo. Mtu anaweza kubeba i7 ya U nyumbani na kushindwa na jirani mwenye i5 ya H.

Kizazi cha nane kina umuhimu mwingine. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, Microsoft iliweka mpaka pale pale: prosesa za Intel za chini yake, ukiacha chache mno, hazikubaliwi rasmi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaondolewa kwenye huduma ya kawaida. Ofisi ya Ulaya yenye mashine mia za kizazi cha sita ina kila sababu ya kuzitoa, na mashine za namna hiyo hazikosi kontena la kupandia. Ndiyo maana utazikuta kwa bei ya kutamanisha, nyingine zikiwa na Windows 11 iliyosukumwa ndani kwa ujanja. Kwa Word na filamu zitakutumikia vizuri tu. Mchezaji wa Valorant ndiye atakayeumia: Vanguard, programu inayolinda gemu hilo dhidi ya wadanganyifu, kwenye Windows 11 hudai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa. Mashine isiyo navyo haitalifungua, hata kama nguvu ya kulicheza inayo.

Lakini hata ukijua kizazi, bado hujagusa kinachochezesha gemu. Hiyo ni kazi ya grafiki, na kuuliza "i ngapi" ili ujue gemu litaendaje ni sawa na kuhesabu viti vya gari ili ujue kama litapanda mlima. Laptop nyingi za ofisi hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Picha huchorwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, inayokopa RAM ya mashine. Za kizazi cha nane na cha kumi mara nyingi huwa na Intel UHD 620 au ndugu zake. Kuanzia kizazi cha kumi na moja, 2020, Intel ilileta Iris Xe, na hapo ndipo grafiki za ndani zilipoanza kufaa kwa mchezaji. Upande wa AMD hali ilikuwa nzuri mapema zaidi: Ryzen 5 3500U ya 2019 ina Vega 8, na Ryzen 7 za mfululizo wa 6000 zilizotoka 2022 zina Radeon 680M, ambayo huikaribia kadi ya GTX 1050 Ti. Masoko yetu yamezoea Intel, kiasi kwamba muuzaji huitaja Ryzen kama anayeomba radhi. Mnunuzi mjanja hufaidika na aibu hiyo.

Sasa orodha ya magemu. Kuna yale ambayo karibu mashine yoyote ya kizazi cha nane itayamudu: Stardew Valley, Hollow Knight, Minecraft isiyorembwa, League of Legends, GTA San Andreas, PES 2013 ambayo bado ina wapenzi wake, na magemu yote ya PSP yanayopitia PPSSPP. Valorant nayo imo, ukikubali picha za kiwango cha chini. Tusidharau orodha hii. Wanafunzi wengi wanaodai wanahitaji mashine ya magemu hupitisha mwaka mzima ndani yake.

Kundi la pili ndilo lenye ugomvi: GTA V, Fortnite, Counter-Strike 2, na mpira wa EA Sports FC. GTA V ni la 2015 kwenye kompyuta, na kadi iliyopendekezwa na watengenezaji wake ni GTX 660 yenye GB 2, kifaa cha 2012. Iris Xe au Vega 8 italichezesha kwa picha za chini na mtu akafurahi. FC ni habari nyingine. Kwa FC 24, EA iliandika kadi ya chini kabisa kuwa GTX 1050 Ti na RAM ya GB 8. Counter-Strike ndiyo iliyowatesa wengi: tarehe 27 Septemba 2023 Valve iliiondoa CS:GO na kuweka CS2 mahali pake, na waliokuwa wakicheza vizuri kwenye laptop za ofisi wakaamka wakikuta gemu lao limenenepa bila wao kuulizwa. Ni vyema kulikumbuka tukio hilo unaponunua. Gemu la mtandaoni si lako, na mwenyewe akiamua kulikuza, mashine iliyotosha jana haitoshi leo.

Kundi la tatu, Cyberpunk 2077, Red Dead Redemption 2, Call of Duty mpya, Forza Horizon 5, halina njia ya mkato. Linataka kadi ya kweli na pesa ya kweli. Na anayeweka akiba ya laptop kwa ajili ya GTA VI atulie kwanza: Rockstar imelitangaza kwa PlayStation 5 na Xbox Series pekee.

Kwa mtu wa kundi la kwanza, jibu ni fupi. Atafute mashine ya ofisi ya kizazi cha nane kwenda juu: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude ya umri huo. Zilitengenezwa kudumu, fundi wa kila mji amewahi kuzifungua, na vipuri vipo. T480 ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, moja ya ndani na moja inayochomoka, kwa hiyo hiyo ya pili ikichoka hubadilishwa bila bisibisi. Dar es Salaam mashine hizi kwa kawaida hupatikana chini ya milioni moja. Ukilinganisha na boom la shilingi 10,000 kwa siku ambalo Bodi ya Mikopo humpa mnufaika kwa chakula na malazi, ni kama miezi miwili hadi mitatu ya kutokula. Kwa Kiswahili cha hosteli, hiyo ndiyo bei nafuu.

Wa kundi la pili ndiye ninayetaka kukaa naye, kwa sababu sokoni kuna mashine zinazomfaa kuliko zile anazoonyeshwa, na majina yake hayana neno gemu. Ni laptop za wahandisi: HP ZBook, Dell Precision, na ThinkPad zenye herufi P. Kampuni za ujenzi, za mafuta na za usanifu huzinunua mpya kwa bei kubwa, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huzitoa. Ndani yake mna kadi za NVIDIA ziitwazo Quadro, na jina hilo ndilo linalowaponza wauzaji na kuwanufaisha wanunuzi. Mchezaji anayetafuta "GTX" au "RTX" huzipita. Muuzaji naye mara nyingi huziuza kama mashine za ofisi zilizo nzito kidogo.

Ukiondoa jina, Quadro P2000 ya laptop ina viini 768 vya familia ya Pascal na kumbukumbu yake ya GB 4, kama GTX 1050 Ti, ile ile iliyotajwa na EA kuwa kadi ya chini ya FC 24. T1000 na T2000, zilizoingia mwaka 2019, ni chipu ile ile iliyomo kwenye GTX 1650. Tofauti ni programu za kuendeshea kadi, zilizopimwa kwa ajili ya AutoCAD na SolidWorks. Programu hizo hazikatazi gemu. Unaweza kuzipakua bure kutoka NVIDIA, ingawa za Pascal haiziendelezi tena kikamilifu. ThinkPad P52, ZBook 15 G5 na Precision 7530 hubeba P-elfu hizi pamoja na prosesa za H za kizazi cha nane zenye viini vinne au sita. Zilizofuata, P53, ZBook 15 G6 na Precision 7540, ndizo zenye T1000 na T2000.

Ubaya wake usifichwe. Ni kilo mbili na nusu hivi kabla ya chaja, na chaja yenyewe ni tofali. Mwanafunzi anayetoka Kimara kwa mwendokasi kila asubuhi ataujua uzito huo begani. Betri za umri ule hazikai. Precision 5530 ni nyembamba na inavutia, lakini wembamba huo unalipiwa kwa joto, na mimi ningeichukua P52 yenye sura ya matofali na nafasi nne za RAM. Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, anayeendesha Revit na Lumion, hata hoja ya gemu haihitajiki: darasa lenyewe linadai kadi, na FC ya usiku ni nyongeza. Wa sheria, anayesoma na kuandika kutwa nzima mbali na umeme, mashine hii itamchosha. Akae na T480 yake.

Kisha zipo mpya za dukani, zenye taa nyekundu kwenye kibodi. Zenye RTX huanzia karibu milioni mbili na kuendelea, na ngazi ya chini kabisa ndiyo ninayoiona kuwa ununuzi mbovu kuliko wote kwa mwanafunzi. Ili kufikia bei hiyo, mtengenezaji hukata pasipoonekana: RAM ya GB 8 kwenye kijiti kimoja, diski ndogo, kioo chenye rangi zilizofifia lakini kimeandikwa 144 Hz. Majina ya kadi nayo yana ukungu. RTX 2050 imewekewa njia ya kumbukumbu ya biti 64, finyu kuliko ya 3050, na iko karibu zaidi na GTX 1650 kuliko jina lake linavyodokeza. RTX 3050 ya laptop imeruhusiwa na NVIDIA kutumia kuanzia wati 35 hadi 80, kwa hiyo mashine mbili zenye stika moja zinaweza kuachana kwa mbali. Ziko za GB 4 na za GB 6. Mwenye uwezo wa kufika kwenye 4050 au 3050 ya GB 6, yenye dhamana ya kweli na risiti ya EFD, anunue bila wasiwasi. Anayejikamua kufika kwenye ngazi ya chini ili tu apate neno RTX, afadhali T2000 iliyotumika.

RAM inastahili aya yake. Grafiki ya ndani hukopa RAM, na ikikuta kijiti kimoja inapita njia moja. Vikiwa viwili njia inakuwa mbili na gemu linaonyesha tofauti waziwazi. Intel yenyewe imelikubali jambo hili kwa namna ya kuchekesha: mashine yenye Iris Xe ikiwa na RAM ya njia moja, Windows huiita Intel UHD Graphics, ukiongeza kijiti cha pili jina la Iris Xe linarudi. Kwa hiyo kabla ya kuikataa laptop ya kizazi cha kumi na moja kwa sababu imeandika UHD, angalia ina vijiti vingapi. Angalia pia kama RAM imechomelewa kwenye ubao. X1 Carbon na Dell XPS 13 ni nzuri kubeba, lakini ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Zamani ningeshauri ununue ya GB 8 kisha uongeze polepole. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa dunia nzima, viwanda vikielekeza chipu zao kwenye vituo vya akili unde, na ushauri umegeuka: mashine iliyokuja na GB 16 tayari ndani ina thamani ambayo huenda muuzaji hajaipandisha bado.

Ukifika dukani na mashine uliyoichagua, usikubali kuonyeshwa video ya mpira na kuambiwa unaona inavyoenda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia kwenye Performance, shuka hadi GPU. Kama ipo kadi ya peke yake, utaona GPU 0 na GPU 1, na jina la kadi juu kulia. Tazama mstari wa "Dedicated GPU memory". Hapo pana mchezo mkongwe: Windows huonyesha pia kumbukumbu ya kushirikiana, yaani RAM inayoweza kukopwa, na muuzaji husoma namba hiyo na kukwambia mashine ina "grafiki za GB 8". UHD 620 haina hata GB moja ya kwake.

Betri usiipime kwa asilimia. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na mashine itatengeneza ripoti yenye mistari miwili ya maana: uwezo betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ukikuta ya kwanza imeandika 50,000 na ya pili 24,000, nusu imeshaliwa, na hiyo ni hoja ya kushusha bei papo hapo. Angalia chaja inaandika wati ngapi. ZBook iliyopewa chaja ya wati 65 itawaka, itafungua Word, na itajaza betri polepole. Gemu likianza, itapunguza mwendo au itakula betri ikiwa imechomekwa.

Kilicho hatari zaidi hakionekani kabisa. Mashine za makampuni huandikishwa kwa mwenye nazo. Duka linaweza kuweka Windows bila intaneti, ikafanya kazi miezi sita, halafu siku mwanafunzi anapoiweka upya, skrini ya kwanza inamdai anwani ya barua pepe ya kampuni asiyoijua, na hakuna nenosiri litakalomtoa. Kipimo cha uhakika ni kuwekewa Windows upya mbele yako huku mashine imeshika hotspot ya simu yako. Muuzaji atalalamika kwamba unampotezea muda. Mwache alalamike, agiza soda. Ukiwa hapo ingia BIOS: kama inadai nenosiri, ondoka, kama mstari wa Computrace au Absolute umeandikwa "Activated", ondoka vilevile, hata bei iwe tamu kiasi gani.

Mashine ikishafika chumbani, adui ni joto. Jijini Dar hewa ya saa tisa alasiri hupita nyuzi 30 kwa miezi mingi, na feni haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta. Wanafunzi hucheza kitandani, na godoro huziba matundu ya chini kana kwamba limewekwa kwa kusudi hilo. Meza, au hata vizibo vinne vya soda chini ya kona za nyuma, hufanya kazi kubwa kuliko zile stendi za feni zinazouzwa barabarani. Laptop ya miaka mitano karibu hakika ina vumbi ndani na pesti ya joto iliyokauka. Fundi akifungua, akapuliza, akapaka mpya, mashine hurudisha pumzi. Jambo jingine wachache hulifanya: ingia kwenye mipangilio ya gemu, funga fremu kwenye 60, au hata 40 kwa magemu ya polepole. Kadi inaacha kuhangaika kuchora picha ambazo kioo cha 60 Hz hakiwezi kuzionyesha, feni inanyamaza, na mwenzako wa chumba analala.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Laptop inayovuta wati 180 kwa saa tatu imekula nusu yuniti ya LUKU na kidogo juu, si kitu cha kugombana na mwenye nyumba. Kukatika ndiko kunakouma. Kadi ya grafiki ikiwa kwenye betri hupewa wati chache, kwa hiyo gemu lililokuwa laini linaanza kukwamakwama pale pale TANESCO wanapokata, na saa moja baadaye mashine imezima. Anayeishi mahali umeme unakatika kila jioni ana sababu nzuri ya kupenda grafiki za ndani: zinakula kidogo, na T480 yenye betri kubwa ya nje itamvusha.

Diski na bando huenda pamoja. FC 24 ilidai nafasi ya GB 100, Red Dead Redemption 2 hudai 150, na CS2 85. Kwenye SSD ya GB 256, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mashine za ofisi, ukitoa Windows na kazi za chuo unabaki na gemu moja kubwa. Kuhusu bando, GB 100 kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde ni saa ishirini na mbili za kupakua mfululizo bila mtandao kukatika, halafu masasisho hayajahesabiwa. Ndiyo maana wengi huenda kwa kijana wa flashi anayewajazia magemu yaliyovunjwa kufuli. Sitajifanya sijui kwamba ndivyo soko lilivyo. Ila gemu hilo huja na maagizo ya kuzima antivirusi kwanza, na mashine ile ile ndiyo yenye tasnifu yako na nywila ya benki yako. Njia safi zipo kuliko zamani: CS2, Valorant, Fortnite, eFootball na Rocket League ni bure, na duka la Epic, lililoanza kutoa magemu ya bure mwishoni mwa 2018, sasa huyatoa kila wiki. Stardew Valley inakaa ndani ya MB 500, na Hollow Knight ndani ya GB 9. Kwa mwenye bando la usiku tu, ukubwa wa gemu ni kigezo sawa na kadi.

Amebaki mteja mmoja, naye ni mwingi. Ni yule ambaye ukimbana ataje magemu yake, anataja FC, kisha FC, kisha ananyamaza. Huyu hahitaji kadi yoyote kwenye laptop. FC iliyochezwa na mtu wa pembeni yako, kwa padi mbili na kelele za watazamaji, iko kwenye kibanda cha PlayStation cha mtaa, na hulipiwa kwa mechi. PS4 iliyotumika, kama nyumbani pana TV, hugharimu sehemu ndogo ya laptop ya RTX, na diski ya gemu ikichosha huuzwa au hubadilishwa na ya jirani, jambo lisilowezekana kwa gemu lililonunuliwa Steam. Achukue EliteBook ya kizazi cha nane yenye RAM ya GB 16 tayari ndani, aipeleke darasani ikiwa nyepesi na betri nzima. Wanaomwambia huo si uchezaji wa kweli awaulize kadi yao ina wati ngapi. Wengi watamjibu kuwa ni i7.